Mwenye Ng'ombe wa Zizi Lako

Morogoro

Mdogo wangu Boay,

Salamu zipo, lakini leo zitangoja kidogo. Ng'ombe unaowalisha tangu mwaka ule wale wa kwako walipokwisha kwa ugonjwa si wa tajiri wa Hanang. Tajiri huyo hayupo na hajawahi kuwepo. Ng'ombe ni wangu. Nilimpa Gwandu fedha, akawanunua mnadani Katesh, akakuletea hapo Bashay, akakuambia maneno niliyomfundisha mimi.

Nimetanguliza haya kwa sababu nakujua. Ungeanza kusoma kwamba kaka yako anaumwa, ungelia, na mtu anayelia hasomi vizuri.

Sasa nakusalimu. Hamjambo hapo nyumbani? Goti la shemeji linaendeleaje na baridi? Kitunguu swaumu mmeshang'oa, au mnangoja kikauke? Mimi moyo umechoka. Miguu imevimba, nalala nimekaa, na daktari ameacha kunipangia siku ya kurudi kumwona. Akili ninayo yote. Naandika kidogo, napumzika, naendelea. Binti yangu Anjela alitaka kuniandikia, nimemkatalia. Simu pia nimeikataa, maana ningefika sentensi ya pili ungesema, "Yaishe, kaka," na yasingeisha.

Unakumbuka ulivyonipigia ukaniomba ng'ombe mmoja tu, watoto wapate maziwa. Nikakujibu kwamba mshahara wa mwalimu unaujua. Wakati huo nilikuwa nimeshamaliza nyumba ya pili ya kupangisha wanafunzi wa chuo. Sasa ziko zaidi ya hizo. Ninyi hamjawahi kuziona. Mlipokuja kwenye harusi ya Anjela niliwalaza hosteli ya kanisa, nikasema kwangu ni padogo.

Baada ya kukata simu ile sikupata raha. Nikafikiri: nikimpa mmoja, kesho shangazi atataka, keshokutwa ukoo mzima utapanda basi kuja Morogoro. Nikakumbuka desturi yetu. Mwenye ng'ombe wengi anawaweka kwa asiye nao. Anayewalisha anapata maziwa na samadi, na majike wakishazaa mara kadhaa, anapewa mtamba awe wake kabisa. Anayepita barabarani anaona zizi limejaa, hajui wa nani ni wepi, na ni aibu kuuliza. Ndipo nikampigia Gwandu. Tulisoma darasa moja, na mtu wa tambarare kama yeye akileta ng'ombe huko juu, nani angeshangaa?

Nilikuja Krismasi iliyofuata. Ulinipeleka zizini kabla hata sijanywa chai. Ulikuwa na furaha, lakini kulikuwa na jambo linakusumbua.

"Kaka, huyu mtu hajaja hata mara moja kuwaona," ulisema. "Inawezekana mtu awe na ng'ombe wengi mpaka awasahau?"

Shemeji akajibu kutoka jikoni, "Haoni huyo! Macho yameshajaa mafuta."

"Mama Basilisa, nyamaza. Akisikia atawachukua."

"Atasikiaje? Kwani yuko hapa?"

Tulicheka wote. Mimi nilicheka kuliko ninyi. Kisha mkaniletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu, ukaniambia nimshukuru Mungu kwa ajili ya tajiri yule, nami nikasali kwa sauti mbele ya watoto wako.

Lipo baya kuliko hilo. Unajua nilichokuwa nafundisha: walionacho na wasionacho, na kwa nini watu wa nchi moja wanaishi kama watu wa nchi mbili. Vitabuni mifano ilikuwa ya mbali, wanafunzi wakisinzia. Siku moja nikawaambia, "Nina ndugu yangu Mbulu. Anaamka gizani kulisha ng'ombe wa mtu ambaye hajawahi kumwona uso." Darasa zima likaamka. Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, huyo tajiri hana hata haya?" Nikamsifu kwa swali zuri. Tangu hapo ulikuwa mfano wangu kila mwaka mpaka nilipostaafu.

Halafu mtamba. Majike walikuwa wamezaa vya kutosha, na Basilisa alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi. Ulipanda lori la mahindi mpaka Katesh, ukamalizia kwa miguu hadi kwa Gwandu, kudai mtamba wako umuuze ili mtoto akasome. Gwandu akakurudisha na jibu moja: mwenyewe anasema subiri. Ulinipigia ukiwa njiani, upepo unavuma kwenye simu. Ulisema, "Kaka, matajiri hawana huruma." Nikakujibu, "Ndivyo walivyo, mdogo wangu. Vumilia." Basilisa hakwenda chuo. Alikwenda kufanya vibarua kwenye mashamba ya watu, kusafisha vitunguu swaumu, na hadi leo yuko huko.

Sasa nikuambie kinachonifanya niandike leo na si wiki ijayo. Mwanangu Deo amejua. Gwandu ni mzee kama mimi, mdomo umelegea. Deo amepanga kwamba nikishazikwa atatuma lori lipakie ng'ombe wote na ndama wao, wapelekwe mnadani. Alinieleza mwenyewe, amekaa hapa kwenye ukingo wa kitanda.

"Baba, ile ni mali ya familia."

"Familia ipi?" nikamuuliza.

"Familia yetu. Baba mdogo ni mlezi tu. Amekunywa maziwa miaka yote hiyo bure."

Maneno yale nilikuwa nayasikia kwa sauti ya mwanangu, lakini yalikuwa yangu. Nikamwambia aende akamwite Anjela na katekista wetu. Mbele yao nimesema hivi, na wewe nakuandikia vilevile: ng'ombe wote walioko zizini kwako, wakubwa kwa wadogo, ni wako tangu siku ile Gwandu alipowafikisha. Deo amekasirika, ameondoka bila kuaga. Atarudi. Hata asiporudi, nimeshasema.

Gwandu nimempigia. Atapanda kuja Bashay, na atakiri kwa mdomo wake mbele ya wazee wenu. Mngoje, kisha barua hii Basilisa aisome kwa sauti, yote, asiruke mahali. Lori likija, lirudi tupu. Usimwonee haya Deo kwa kuwa amevaa viatu vizuri. Mwambie wewe ni baba yake mdogo na zizi ni lako.

Nyumba moja, ile iliyo karibu na chuo, nimeiandika kwa jina la Basilisa. Kodi yake imlipie masomo kama bado anayataka. Kama hayataki tena, ni yake vilevile. Sitaki aniandikie kunishukuru, na wewe usinishukuru. Siwapi zawadi.

Na kwenye matanga yangu usichinje ng'ombe hata mmoja. Nakuonya mapema, maana najua utataka kunipa heshima. Wageni wapewe makande.

Nisalimie shemeji, na umwambie alichosema jikoni siku ile kilikuwa kweli tupu. Nisalimie shangazi yetu wa Daudi, aliyenibeba mgongoni. Mwambie lile blanketi aliloniomba nilikuwa naweza kumnunulia hata gari la mablanketi. Nisalimie binamu yetu fundi wa baiskeli, na mama mkwe wako kama bado anaona jua. Basilisa mwambie baba mkubwa anamsalimu, na kwamba hana haki ya kumwita "mwanangu".

Limebaki moja, nalo nimelizunguka tangu nilipoanza kuandika. Nimekuambia niliogopa kuombwa na ukoo. Anjela nimemwambia hivyo, katekista naye hivyo, na kwa habari ya kununua ng'ombe kwa siri ni kweli. Kwa habari ya mtamba si kweli. Mtamba mmoja usingefichua chochote. Ni desturi, kila mlezi hupewa. Siku ile Gwandu alinipigia wewe ukiwa umekaa nje kwake, viatu vimejaa vumbi. Akaniambia, "Mwalimu, ndugu yako yuko hapa. Mtamba ni haki yake. Nimkamatie yupi?"

Nilimwambia, "Usimpe. Sitaki Boay awe na ng'ombe wa kwake."

Kaka yako,
Paskali