Mtoto wa Kaijage Yuko Huko Kwenu

Mabira,
Kyerwa, Kagera.
9 Februari 2025.

Mpendwa mdogo wangu Projest,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini naipokea shikamoo yako kabla haijafika, maana tukisubiriana mwaka utakatika. U hali gani? Wifi yangu Atupele hajambo? Watoto nao wanaendeleaje? Na mgongo wako uliokuwa ukikusumbua ulipokuja kumzika kaka yetu Kaijage, umepona au bado unaupaka dawa za kununua barabarani? Mimi sijambo. Magoti yanalalamika nikipanda mlima na yanalalamika zaidi nikishuka, ila nakula, nalala, na Jumapili nafika kanisani kwa miguu yangu mwenyewe.

Jua la huku limekuwa kali tangu Januari. Migomba ya upande wa chini imeinamisha majani, lakini ile ya karibu na nyumba, aliyoipanda baba, bado inazaa vizuri. Juzi nimekata mkungu mkubwa kweli kweli. Nikapika, nikala, nikapika tena, mwishowe ndizi nyingine zikaniivia nikawagawia majirani. Mkungu mzima kwa mtu mmoja ni mzaha.

Barua hii naituma kwa mkono wa mwalimu Cleophace, anayekuja Mbeya kwenye harusi ya ndugu wa mkewe. Usiulize kwa nini sikupiga simu. Nikikupigia unasema uko kikaoni. Halafu mimi kupata mtandao wa Tanzania lazima nipande mpaka juu shuleni, na pale kila anayepita anasimama kunisalimia, akimaliza salamu anabaki kusikiliza. Haya ninayotaka kukuambia siyo ya kusikilizwa na kila mpita njia.

Ni habari za Kokuhirwa, mtoto wa Kaijage. Yuko huko kwenu Mbeya tangu mwezi wa kumi na moja. Anasoma uhandisi wa umeme, mwaka wa kwanza, kwenye chuo kikuu cha serikali. Usikunje uso kwamba hukuambiwa. Nilijua atakuja kujitambulisha kwako mwenyewe, na alijaribu. Nitafika hapo.

Hakuomba kwenda mbali hivyo. Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, akaenda Nkwenda kwa Hanifu, yule mwenye steshenari anayewajazia watoto maombi ya vyuo kwenye kompyuta. Wakaomba vyuo viwili, cha kwanza Mwanza, cha pili hicho cha kwenu. Wakati huo mtoto hakuwa na simu, ikaandikwa namba yangu. Akachaguliwa kote kuwili! Nilipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakata kamba. Kumbe kuchaguliwa kuwili ni kazi nyingine. Unatumiwa namba ya siri kwenye simu, unaithibitisha kwa chuo unachokitaka, na ukichelewa dirisha linafungwa, nafasi zote zinakwenda. Sisi tukakaa tunasubiri hiyo namba.

Sasa wewe mwenyewe unajua bondeni kwetu hakushiki mtandao ila wa Uganda. Kila mtu laini inayokaa kwenye simu ni ya Uganda, ya Tanzania anaitunza mpaka siku anayopanda mlimani. Ya kwangu nilikuwa nimeifunga kwenye kitambaa, nikaiweka ndani ya kopo la chumvi ili isipotee. Haikupotea. Namba ya siri ilitumwa, na laini yangu ilikuwa imetulia kwenye chumvi. Tulikuja kushtuka tuliposikia wenzake wa Nkwenda wameshathibitisha, na wakati huo dirisha lilikuwa limefungwa. Lilipofunguliwa la pili, Mwanza kozi yake ilikuwa imejaa. Kwenu palikuwa na nafasi. Ndivyo mtoto alivyokwenda upande wa pili wa nchi, kwa sababu ya laini ya simu na kopo la chumvi.

Kuhusu gharama, tulia, sikuandikii kukuomba hela. Amepata mkopo wa serikali, unalipa chakula na malazi na sehemu kubwa ya ada. Kilichobaki nimekimaliza mimi. Zubeiri, mnunuzi wa kahawa wa pale Nkwenda, alikuja na maneno matamu akitaka kununua kahawa yangu ikiwa bado maua mtini, ile butura tuliyokatazwa tangu enzi za baba. Nilimwambia akanunue ya mama yake. Nikauza yule ng'ombe mwekundu. Ila nikuambie, ada ya chuo naielewa, siielewi midomo midogo midogo iliyo pembeni yake. Bima, kitambulisho, mchango wa serikali ya wanafunzi, na kingine kinaitwa fedha ya tahadhari, wanaishika wakuone kama utavunja kitu. Nilicheka peke yangu. Mtoto huyu amenioshea vyombo tangu mama yake alipoolewa upya Uganda na kuniachia, na hajavunja hata kikombe.

Kinachomsumbua siyo hela. Anasema darasani kwao wamejaa mpaka wengine wanasimama, lakini wasichana ni mstari mmoja tu wa mbele. Wengi wametoka Dar es Salaam, Kilimanjaro na huko huko Mbeya, na wengi wamesoma shule za kulipia, kompyuta kwao ni kama jembe kwetu. Yeye anaazima wenzake wanapokwenda kula. Wa Kagera amewapata wawili, wote wa Bukoba mjini, wamekwisha kuwa na marafiki wao. Wa Kyerwa ni yeye peke yake. Siku ya kujitambulisha alisema anatoka Kyerwa, mwenzake mmoja akamwuliza kama hiyo ni Rwanda. Watu wakacheka, hata hawakuwa na nia mbaya. Tangu siku hiyo akiulizwa anasema anatoka Bukoba.

Sasa la kujitambulisha kwako. Alikuja, Projest. Ulijua? Ilikuwa Jumapili, kabla ya Krismasi. Alivaa gauni lake la kanisani, akabeba kifurushi cha kahawa ya kutafuna niliyokutengenezea mimi. Nilizichemsha punje zake kwa majani ya kunukia, nikazikausha, nikazifunga kwa majani makavu ya mgomba vile vile alivyokuwa akifunga mama. Binti wenu wa kazi akafungua tundu la geti, akamwuliza ana miadi na nani. Huku kwetu mtu anafika tu, anawekewa kahawa mkononi kabla hajaulizwa jina, sasa miadi angeitoa wapi? Mtoto akasema samahani, amekosea nyumba, akarudi zake.

Simlaumu yule binti, yuko kazini. Wala wewe sikulaumu sana. Lakini nilipoambiwa nilikaa chini kwenye majani pale shuleni. Mtoto wa Kaijage alisimama mlangoni kwako akasema amekosea nyumba.

Krismasi hakuja huku nyumbani, nauli ya kwenda na kurudi ni ya mtu mwenye ng'ombe wa pili. Akabaki hosteli na wachache wasio na pa kwenda.

Na mimi nikabaki hapa. Nikuambie ukweli, maana nisipokuambia wewe sina mwingine. Nina upweke, mdogo wangu. Sikujua kwamba unauma hivi. Nilipofiwa na mume wangu nikarudi hapa kwa baba, kulikuwa na baba. Baba alipoondoka, kulikuwa na Kokuhirwa. Sasa naamka nasema, "Umeamkaje?" halafu nakumbuka nazungumza na ukuta. Redio naiwasha mapema, nasikiliza matangazo ya vifo vya watu nisiowajua mpaka jina la mwisho, na siku hizi nimeanza kujibu. Wakimtaja marehemu nasema poleni sana, kwa sauti. Mbuzi akikohoa huko nje natoka kutazama nani amekuja.

Katikati ya Januari nilipanda kumpigia. Hakunisalimia vizuri. Akasema, "Mawe, mama wee, Shangazi, mimi nirudi tu. Nitaomba ualimu mwakani, chuo cha karibu. Wewe huko uko peke yako na mimi huku niko peke yangu, sasa tunafanya nini?" Nikamwuliza kama anashindwa masomo. Akasema hashindwi, jaribio la hesabu ameongoza wasichana wote na wavulana wengi. "Ila nikikuwazia uko mwenyewe humo ndani, hata chakula hakipiti," akasema.

Projest, neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Rudi. Neno fupi tu. Ningelisema, angepanda basi siku hiyo hiyo, na leo ningekuwa namsikia akifagia uani badala ya kukuandikia wewe. Kitanda chake nimekitandika tangu alipoondoka, kila Jumamosi nafua shuka ambazo hakuna aliyezilalia. Nilitaka arudi kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Nikamwambia siko peke yangu. Nikasema Vero, yule binti wa mjomba Deodatus mwenye duka Nkwenda, amehamia kwangu na watoto wake wawili, na mkubwa amepewa kitanda chake yeye Kokuhirwa. Sijui uongo ule ulitoka wapi, ulitoka umekwisha vaa viatu. Vero yuko dukani kwake na hana habari. Bahati, au sijui niite nini, wanafunzi wa pale shuleni walikuwa mapumziko, wanakimbizana na kupiga kelele mgongoni kwangu. Akazisikia. "Ndio hao?" akauliza. Nikasema ndio hao, wananichosha, sipati hata nafasi ya kusali.

Akasema, "Basi sawa, Shangazi. Sikujua kitanda kimeshapata mtu."

Nililia njia nzima ya kushuka. Nimemtoa machozi mtoto ili abaki asome, na sijui kama nimemfanyia wema au ukatili. Tangu siku ile nampigia wakati wa mapumziko ya shule tu, kelele zikiwepo. Ananiuliza majina ya watoto, nimempa ya kweli. Anataka kuwasalimia, nasema wametumwa maji. Lakini najua bado anawaza kurudi, kwa sababu sasa anadhani hata huku hana nafasi. Nilitaka kumfungia njia ya kurudi, nikajikuta nimemfungia na nyumba.

Mitihani ya muhula inaanza mwisho wa mwezi huu. Namfahamu Kokuhirwa. Akikaa kwenye mitihani hii akaona jina lake juu, hakuna atakayemtoa huko tena. Akiondoka kabla, ndiyo basi, mkopo utakatika, nafasi itakwenda, na atanizeekea hapa akichuma kahawa na mimi nikifurahi kila siku kwa aibu. Ndilo ninaloogopa kukuambia, kwamba ningefurahi.

Kwa hiyo nenda wewe. Usimwite nyumbani kwa simu, wala usimtumie hela ukadhani umemaliza. Nenda mwenyewe hosteli, uulize Kokuhirwa Kaijage wa umeme mwaka wa kwanza. Mwambie, mimi ni baba yako mdogo, nimekuja kuchukua kahawa yangu. Bado anayo, ameiweka sandukuni. Utafune mbele yake. Nilizidisha kuikausha, itakuumiza meno, utafune hivyo hivyo. Halafu umchukue umpeleke kwako, umwonyeshe kwa wifi na kwa yule binti wa getini, na umwambie huyo binti kwamba mwenye nyumba hii haulizwi miadi. Mpe kazi jikoni siku hiyo hiyo, asikae kwenye kochi kama mgeni. Na mbele ya watoto wako itaje Kyerwa kwa sauti. Mweleze nani alikuwa babu yake.

Lakini nisikilize hapa vizuri. Usimwambie niliyokuandikia. Hata akilia, hata ukiona huruma inakushinda, usimwambie kwamba shangazi yake yuko peke yake. Akijua tu, atapanda basi. Baadaye, akishamaliza mwaka, nitamweleza mimi mwenyewe na atanikasirikia anavyotaka.

Msalimie sana wifi Atupele, na watoto ambao mpaka leo nawajua kwa picha. Shangazi Edith wa Nyakatuntu anakusalimu, macho yamepungua ila ulimi haujapungua, anauliza kama Kinyambo chetu bado kinakutoka mdomoni au umekibadilisha na cha huko. Mjomba Deodatus naye anakusalimu. Bwana awafunike wewe na nyumba yako, mkono wake usiwapungukie, na mgongo wako aunyooshe.

Wa hapa nyumbani wanaokusalimu ni mimi. Nimefikiri kama yuko mwingine wa kumwandika, hayupo. Ila Kokuhirwa atakuuliza barua inasemaje na akina nani wamesalimu, lazima aulize. Mwambie Vero anasalimu sana, na watoto wake wote wawili, na kwamba niliandika nikiwafukuza mezani. Mwambie akitaka kuja huku likizo ya mwezi wa nane atatubana, lakini tutabanana.

Ni mimi, dada yako wa tumbo moja,
Xaveria