Kahawa Iliyonuka Dagaa

Alhamisi, Agosti 1996

Magesa anadai lori lilitoka Tarime likaja moja kwa moja ghalani Nyakato. Mbona basi kahawa inanuka dagaa?

Nilichoma magunia ya chini kwa bambo, nikachota punje, nikazinusa mara mbili. Magesa, ambaye ndiye mnunuzi wetu kule vijijini, akacheka. "Kaka, wewe unalala Kirumba, mkeo anauza dagaa. Hiyo harufu umekuja nayo mwenyewe!" Wapakuzi nao wakacheka.

Nusura nimwamini. Lakini wakulima tuliwabembeleza msimu mzima wachume kahawa nyekundu tu. Mgeni anayekuja kuinunua akiionja kesho akaikataa, hatarudi tena kwao.

Jioni nikaja na konzi moja ya kahawa hiyo nyumbani. Mke wangu, Neema, akainusa, akasema bila kufikiri, "Hii ililala kwa kaka, stoo ya dagaa."

Nikamuuliza amejuaje. Akaenda kusonga ugali uliokwisha kuiva.

Kwa hiyo mzigo ulipitia kwa shemeji, na huko sijui walichanganya nini. Kesho, kabla mgeni hajafika, nitamwaga magunia yote sakafuni, Magesa akiwepo. Shemeji naye nitamwita.

Neema amenipa mgongo. Sidhani kama amelala.