Karatasi za Kilimani, Kabambare

Jumatatu, 4 Agosti
Nimebadilisha karatasi ya kupimia hewa asubuhi. Ya jana imegeuka zambarau nzito. Ndivyo dawa yake inavyofanya ikikutana na ozoni, gesi kali iliyomo hewani. Wakati wa mvua hubaki karibu nyeupe. Sasa ni kiangazi, watu wanachoma pori, hewa imekuwa kali. Macho yananiwasha. Mwenzangu wa kazi, Saleh, alipanda kilimani kubadilisha ya kule. Amerudi anakohoa.

Alhamisi, 7 Agosti
Moshi tangu alfajiri. Jua jekundu. Muzungu mkubwa wa kituo anafurahi: rangi haijapata kukolea hivi. Anataka karatasi ya kilimani kila siku, bila kukosa. Saleh alimwomba tungoje moto upite. Muzungu akamwita mvivu. Nimemchukia.

Jumamosi, 9 Agosti
Upepo umegeuka. Moto umeshika nyasi chini ya kilima. Nilimwambia Muzungu kwamba leo mutu asipande. Akanitazama kama sikusema kitu. Saleh akavaa kofia, akaniomba nimwekee chai. Akaenda.

Jua limezama. Hajarudi.

Jumapili, 10 Agosti
Tumemkuta kwenye mawe, kando ya njia. Hakuungua sana. Moshi ndio ulimmaliza. Tulimbeba kwa machela hadi kwa Waislamu wenzake, wakamwosha, wakamzika jioni. Muzungu hakuja makaburini. Aliuliza tu karatasi iko wapi.

Jumanne, 12 Agosti
Muzungu ameniamuru nipande mimi. Kule juu bado kunafuka moshi.

"Bwana, mimi sipandi."

Amenifukuza kazi, akataja gereza. Nimefunga mzigo kabla hajaita polisi. Naogopa. Sijuti.

Jumapili, 17 Agosti
Nimefika Kasongo. Nimetembea, kisha nikapata lori la pamba. Kifua kinauma.

Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa akina Saleh. Habari ilikuwa imeshafika. Ndugu yake mkubwa alinikaribisha kwenye mkeka, akataka kujua ilikuwa kazi gani ile, iliyompandisha mutu kwenye moto. Nikamweleza kwamba tulikuwa tunapima hewa.

"Hewa hii tunayovuta?"

Nikasema ndiyo.

Mjane wa Saleh akaleta ugali wa bukari na mboga ya sombe, akaweka chini bila kunitazama. Nilidhani nitaambiwa niondoke. Ndugu yake Saleh akanisogezea maji ya kunawa.

"Kula," akasema. "Umetoka mbali."

Tumekula.