Kitovu Ulichokizika Ilemela

Mama,

Shikamoo. Nimefika. Nimechelewa wiki tatu, na najua wewe hukumvumilia mtu anayechelewa hata misa ya kwanza. Pasipoti ya Koku ilikuwa imeisha muda, na kule Ujerumani hakuna mtu wa kumwambia mama yangu amefariki, naomba unisaidie kidogo. Ukieleza shida yako wanakupa fomu nyingine. Respi alisema hawawezi kuendelea kukuweka mochwari wakinisubiri, na kaka yangu alikuwa na haki. Wakakusafirisha mpaka Muleba, wakakulaza kando ya Baba. Mimi nilikuzika kwa simu.

Mtoto wa Respi ndiye aliyeinua simu juu ya vichwa vya watu. Ilikuwa mchana, niko jikoni kwangu Bremen, Mugisha amesimama kulia kwangu, mdogo wake Koku yuko mapajani. Niliona mwavuli, nikaona mgongo wa padri, nikaona migomba. Walipoanza kutupa udongo mtandao ukakata na picha ikaganda kwenye kiatu cha mtu. Nikakaa nakikodolea macho kile kiatu, nikiomba kisogee. Koku akauliza kama Bibi amemaliza, maana alitaka kuangalia katuni. Nilimzaba kibao, Mama. Cha kwanza tangu azaliwe. Ana miaka minne, hajawahi kukuona nje ya kioo cha simu, angejuaje kwamba safari hii ilikuwa tofauti? Tukalia wote watatu, kila mmoja kwa sababu yake.

Ulikuwa unaniuliza kila Jumapili, "Mnaishije huko?" na mimi najibu tunaishi vizuri, Mama. Acha leo nikwambie. Miezi ya baridi tunaamka giza na kurudi giza. Kumvalisha Koku ni vita: suruali mbili, soksi mbili, buti, koti, na akishakamilika anasema anataka kukojoa. Mugisha nimemsahau chekechea mara mbili alipokuwa mdogo, kwa sababu nilidhani ni zamu ya Deo na Deo alidhani ni yangu. Mume wangu anarudi kutoka ghalani mimi ndiyo natoka, tunakabidhiana watoto mlangoni kama walinzi wanaopeana lindo. Kisha naenda kwenye nyumba ya wazee kuogesha mama za watu. Nawapaka mafuta miguuni, nawachana nywele, nawasikiliza wakilalamika kwamba watoto wao hawaji kuwaona. Miaka minane nimefanya kazi hiyo. Wewe umeogeshwa na mke wa Respi.

Halafu inafika Jumapili, nawapangusa watoto makamasi, nawakalisha upande ule wa kochi usiochanika, napiga. Nawe unatokea umejifunga kitenge kipya, umekaa wima, mgongo kwenye ukuta wa bluu. Juzi wifi ndiyo ananisimulia kwamba mwaka wote wa mwisho walikuwa wanakubeba wawili kukuweka kwenye kile kiti, na nikikata tu simu wanakurudisha kitandani. Ulimkataza asiniambie. Kumbe kila mmoja alikuwa anajipamba kwa ajili ya mwenzake, wewe huku na mimi kule.

Lakini tulicheka pia. Unakumbuka Mugisha alivyobeba senene ulizotutumia kwenye kopo la maziwa akaenda kugawia wenzake chekechea? Mwalimu akanipigia kazini, sauti inatetemeka, anauliza kama mtoto amekula wadudu kwa bahati mbaya. Nilipokusimulia ulicheka hadi ukaomba maji. Ukasema, "Huyo ni wa kwetu, hata wangemzalia mwezini."

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nikae chini kuandika.

Mugisha alipozaliwa uliniagiza kitu kimoja tu. Kitovu kikikauka kikadondoka, nikifunge kwenye pamba, nimpe mtu anayekuja Mwanza. "Usikitupe kwenye taka za watu," ulisema. "Mtoto ambaye kitovu chake hakina mahali, naye hana mahali." Nilikuelewa. Vya watoto wa Respi vimezikwa Muleba, kwenye kibanja cha Baba, shamba la ukoo, lakini wangu ni watoto wa binti, kule hawana sehemu. Na kwa kina Deo, ng'ambo ya kivuko cha Kamanga, tangu wazazi wake waondoke ndugu zake wamegawana hadi kizingiti. Kwa hiyo ulitaka kukizika hapa nyumbani kwako Ilemela, kwenye ile migomba sita uliyoilazimisha kuota katikati ya mawe.

Kilidondoka siku ya tisa, ndani ya nepi. Deo aliikunja akaitupa, hakuona kitu. Mimi sikuwa nimelala siku tatu. Nilipokuja kumbadilisha mtoto na kuona kitovu hakipo tumboni, nikashuka ngazi nikiwa na khanga na ndara kwenye theluji. Gari la taka lilikuwa linakata kona.

Ningekupigia siku ile ile ungenisema, ungenuna wiki mbili, yangeisha. Badala yake nilichukua pea iliyokaushwa, zile wanazouza kwenye pakiti, nikakata kijipande, nikakianika juu ya hita mpaka kikawa cheusi na kigumu. Nikakiviringisha kwenye pamba, nikampa dada mmoja wa Bwiru aliyekuwa anakuja likizo. Wewe, Mama, mkunga kwa miaka thelathini na mbili, uliyekata vitovu vya nusu ya watoto wa Igogo, mimi nikakutumia tunda. Hata sasa nikiandika naona aibu inanipanda masikioni.

Ulinipigia. Ukasema, "Nimepokea. Nimemwita baba yenu mkubwa na mama yenu mdogo, nimekizika mbele yao." Ukanieleza ni mgomba upi, ule ulioegemea jiwe kubwa. Kila mkungu ulipotoka ulinitumia picha na kuandika: wa Mugisha. Nami nikamwonyesha mtoto, nikamwambia hapo ndipo kwenu. Mwalimu alipowauliza darasani wametoka wapi, wenzake walitaja nchi. Yeye alisema, kwa Bibi, kwenye ndizi zangu.

Koku alipozaliwa hukuniagiza kitu. Nilisubiri uniulize, hukuuliza. Nilijipa jibu kwamba umezeeka, umesahau, au kwamba kwa mtoto wa kike si lazima. Nilishukuru kimoyomoyo na sikuuliza.

Jumamosi tulikaa kikao. Respi anataka kuuza nyumba. Amepata mtu anayetaka kujenga nyumba ya wageni, kwa sababu ukisimama juu ya yale mawe unaliona ziwa lote mpaka visiwani. Nilikuja nimejiandaa kumchukia, nikashindwa. Amekonda. Mwaka mzima amekuwa akikubeba, na anasema kila akipita mlango wa chumba chako anasikia unamwita. Hataki kuishi hapa, na mimi siishi hapa. Nilisema tu kwamba hapa pakiuzwa, wanangu hawana tena mlango Tanzania nzima ambao wataingia bila kubisha hodi. Akanijibu taratibu kwamba katika miaka tisa wameuingia mara hii moja.

Ndipo Baba Mkubwa akakohoa. Unamjua, mpaka akohoe mara tatu ndiyo anasema. Akasema ukoo wetu hauuzi ardhi yenye kitovu cha mjukuu mpaka mjukuu mwenyewe awe mtu mzima na akubali kwa kinywa chake. Kitovu cha Mugisha kiko hapa, yeye alishuhudia kikizikwa. Kwa hiyo nyumba inasubiri. Respi hakubisha. Alishusha pumzi tu, kama mtu aliyeambiwa apande tena mlima alioshuka. Baba Mkubwa akanigeukia, akataka nithibitishe, mimi mama wa mtoto, mbele ya picha yako, kwamba kilichozikwa pale ni kitovu cha mwanangu. Ilikuwa utaratibu tu. Neno moja, kisha chai.

Picha yako ilikuwa mezani imezungushiwa utepe mweusi, ile uliyopiga siku unastaafu, na sare yako nyeupe. Mama Mdogo Paskazia alikuwa pembeni yangu kwenye mkeka. Akanigusa goti. Nilidhani ananifariji.

Nilikutazama, Mama. Nikafikiri, nimemdanganya akiwa hai miaka tisa, nimdanganye na akiwa amekufa, mbele ya ukoo? Na Respi mbele yangu amekonda vile? Nikasema hakipo. Nikaeleza nepi, gari la taka, pea, hita, kila kitu. Nililia lakini nilimaliza. Nilijisikia mwepesi. Nisikufiche, nilijisikia hata mwema.

Hakuna aliyenisema. Baba Mkubwa aliangalia fimbo yake, akasema basi, kama hakipo, hakipo. Kikao kikafungwa. Nyumba inauzwa.

Mama Mdogo alinifuata uani nilikokuwa naosha vikombe. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. Akaniambia siku ile pakiti ilipofika uliifungua mbele yake, ukakigeuza kile kitu kwenye kiganja, ukakinusa. Ukacheka kidogo. Kisha ukasema, "Mwanangu kanitumia tunda. Angekuwa ametusahau asingehangaika hivi." Yeye akakushauri unipigie unigombeze. Ukakataa. Ukakifunga tena kwenye pamba, ukamwambia akamwite Baba Mkubwa. Ukamweleza kwamba siku utakapoondoka, Respi atataka kuuza na hatakuwa na makosa, na watoto wa binti yako hawatakuwa na mtetezi ila hicho kilicho chini ya mgomba. Ukamwapisha anyamaze. Akanyamaza miaka yote tisa.

"Nilikugusa goti," akaniambia. "Ulitakiwa useme ndiyo, basi."

Mama, nilikaa chini pale pale kwenye maji ya sabuni.

Kwa hiyo ulijua. Kila picha ya mkungu uliyonitumia, ulijua. Koku alipozaliwa hukuuliza, si kwa kusahau. Hukutaka kunilazimisha nidanganye mara ya pili. Ulichukua uongo wangu wa woga ukaujengea wanangu nyumba, na mimi nimekuja kuubomoa kwa dakika tano ili nijisikie vizuri. Kweli ambayo nafsi yangu ilikuwa inanidai niseme, ningeisema ukiwa hai, kwa simu, ungenuna, yakaisha. Niliyoisema Jumamosi haikuwa na faida kwa mtu. Mama Mdogo anasema Respi ana haki ya kupumzika, kwa hiyo labda yeye imemsaidia. Namwombea iwe hivyo. Lakini wewe nimekukosea, na safari hii huwezi kununa.

Nilimwendea Baba Mkubwa jana. Nilitaka kumwambia kwamba ulijua, kwamba ulikusudia. Nilifika mlangoni kwake, tukaamkiana, nikazungumzia mvua. Ningemwambia nini? Kwamba marehemu alimwita akashuhudie tunda? Jina lako ni safi, nimeliacha lilivyo.

Watoto bado hawajui. Koku amejifunza kuamkia hapa. Anazunguka na shikamoo mpaka kwa wauza dagaa, na anasubiri marahaba yake, asipopewa anadai. Mugisha anashinda kwenye mgomba wake na binamu zake. Anawaonyesha jiwe, anawaambia kwa Kiswahili chake kilichovunjika kwamba yeye yuko hapa chini. Mnunuzi alikuja kupima kiwanja asubuhi akamkuta pale, akamshika kichwa, akamwuliza jina. Mjukuu wako huyo akamjibu vizuri, akamkaribisha kwetu.

Jana aliniuliza mwakani tukija atalala chumba kipi. Nikamwambia tutaona.

Tunaondoka Alhamisi. Kesho tunavuka kwenda Muleba kwenye kaburi lako, na safari hii nitatupa udongo kwa mkono, hata kama umeshakauka na watu wameshaondoka. Nitawasimamisha watoto hapo wakuamkie. Usitegemee machozi kutoka kwa Koku, atakuwa anatafuta mjusi.

Siwezi kukuahidi kwamba tutakuja kila mwaka. Unanijua, na mimi najijua. Nakuahidi jambo moja ninaloliweza. Sitasubiri Mugisha aje ahadithiwe na watu kwamba ndizi zake zilikatwa kwa sababu ya mdomo wa mama yake. Akifika umri wa kuelewa nitamkalisha nimwambie mwenyewe kwamba kitovu chake kilienda na gari la taka la Bremen, asubuhi ya theluji, na mama yake akaogopa. Nitamwambia pia kwamba bibi yake alikishika kile kipande cha pea mkononi, akakijua, na bado akachukua jembe akaenda kumchimbia.

Pumzika, Mama yangu. Nisamehe ukiweza.

Mwanao,
Adventina