Nilihamisha bafle, aibu akaibeba binti yangu

Mpendwa mshauri Mama Gisèle, naomba msaada wako na tafadhali usinicheke, mimi ni Mama Falone wa mtaa wa Kataki, watu wananijua, na binti yangu Falone njo yule alisoma mambo ya sauti kule Lubumbashi, wa kwanza katika promosheni yake ya masomo, hata wanaume walikuwa wanamuuliza yeye. Aliporudi akasema, "Mama, nitakutengenezea sinema hapa salo, tunapokaa na wageni," akasimama katikati, akapiga makofi, akasikiliza, akasema karo za sakafu na kuta tupu zinarudisha sauti, tuweke tapi ya kutandika chini na rido nzito za madirisha, kisha akaweka bafle, zile spika, mbili kando ya tele, mbili nyuma ya fotei tunazokalia, na ile ndogo ya kutoa maneno ya watu chini ya tele.

Sasa mama, karo zangu ni nyeupe, zinang'aa, nizifunike kweli? Siku ya wageni kuja kuona hiyo sinema, Falone alikuwa sokoni, nikakunja tapi, nikaondoa rido, nikapanga bafle zote ndani ya kabati la vioo, pamoja na sahani za ndoa yangu, ili kila anayeingia azione. Falone akarudi wageni wamekwisha kukaa, na mimi ninajisifu mbele ya Papa Pasteur Barthélemy, "Yote haya ni Falone alipanga!" Falone akatazama kabati, akanitazama mimi, akawasha filamu.

Ilikuwa kelele tupu! Glasi zinatetemeka, maneno hayasikiki. Mama Martine, jirani yangu, akasema, "Jamani, waigizaji wamefungiwa kabatini, muwafungulie!" Watu wakacheka mpaka machozi. Papa Pasteur alikuja maana alitaka kumupa Falone kazi ya sauti ya kanisa jipya. Akaaga tu, "Tutatafuta fundi mwengine." Na mimi, mama muzazi, sikufungua kinywa. Kila asubuhi Falone ananisalimia vizuri, ananipikia chai, na hiyo njo inaniua. Nifanye nini?

Mama Falone, Kalemie

Mama Gisèle anajibu: Mama Falone, pole, aibu hii unayosikia ni ya haki. Mutoto alikulindia heshima mbele ya watu, na wewe ukamuacha apoteze kazi. Unamupenda, sikatai, lakini siku ile ulipenda kabati zaidi.

Mwambie Falone leo, "Nilikukosea," bila kuongeza "lakini". Halafu tandika tapi, rudisha rido, na bafle zikae pale atakaposema yeye, hata kama hakuna mugeni atakayeziona. Sauti inapangwa kwa masikio ya anayekaa, si kwa macho ya anayeingia. Waite wageni walewale, wasikie tofauti. Mama Martine atakucheka tena, muache acheke.

Lakini kabla ya hayo yote, enda kwa Papa Pasteur kwa miguu yako, usitume muntu, usipige simu. Sema, "Falone alipanga vizuri, ni mimi niliharibu." Usingoje Jumapili. Akikwisha kumuita fundi mwengine, Falone atakusamehe, ninamuona ni mutoto wa namna hiyo, lakini kazi haitarudi.