Punje Themanini na Mbili

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Petroli imeisha tena. Mara ya tatu ndani ya wiki mbili. Leo palepale chini ya kanisa Kibosho, mikungu imejaa nyuma, manyunyu, mimi nimejifunga khanga mbili natetemeka. Prosper kashuka na dumu kwa miguu. Nimekaa saa nzima na mama mmoja wa pale, nimejua habari za kijiji kizima, kwa hiyo haikuwa hasara yote. Lakini ndizi zimefika soko la Mbuyuni saa sita. Wateja wa ndizi za supu ya mtori walishaondoka.

Geji ya mafuta ilikufa kabla hatujanunua hii pikapu. Mshale wa spidi pia. Kinachotembea ni namba za kilometa tu. Mafuta yanaingia, yanatoka, anayejua ni Mungu na dereva. Dereva ni Prosper, mtoto wa kaka yake mume wangu. Mpole. Wapole ndio ninaowaogopa.

Jana mume wangu, Baba Felista, kabla hajarudi kazini kwake kwenye kiwanda cha sukari, kasema nisimwite mtu mwizi kabla sijapima. Jaza mpaka shingoni, andika namba, tembea, jaza tena. Ulichojaza mara ya pili ndicho kilicholiwa.

Nimelifikiria hilo neno siku nzima. Halafu sokoni nikamwambia Mama Shoo, tunayeuza naye meza moja, kwamba Prosper anauza petroli yetu. Limenitoka tu.

Jumanne, 6 Agosti

Jioni tumejaza. Kijana wa sheli kasema limejaa, nikamwambia bado, nikalitikisa gari kwa nyonga mpaka hewa ikatoka, ikaingia nusu lita nyingine. Watu wamecheka. Nimeandika namba kwenye daftari hili, la shule la binti yangu Felista la zamani, kurasa za nyuma.

Betri haina nguvu hata ya kupiga stata. Hapo sheli tumesukumwa, kama kila asubuhi nyumbani Pasua.

Alhamisi, 8 Agosti

Safari mbili, jana na leo. Pasua, Kibosho, Mbuyuni, nyumbani. Kilometa themanini na mbili. Zimeingia lita kumi na sita.

Sasa kugawanya. Mimi niliishia darasa la nne, na la nne lenyewe nilikuwa nachungulia kwa jirani. Nimehesabu punje za mahindi themanini na mbili. Nimepanga vifuniko vya soda kumi na sita mezani. Nimegawa kama wali wa msibani, huyu na huyu na huyu. Kila kifuniko punje tano, zimebaki mbili.

Kilometa tano kwa lita. Nimefurahi kama mtu aliyejifungua. Sikuwahi kujua kitu kama hiki kwa mkono wangu mwenyewe.

Halafu nikapita kwa fundi Rajabu, jirani yetu. Kasema pikapu kama hii mlimani inatakiwa nane. Basi furaha ikaisha. Tatu kwa kila lita zinakwenda wapi? Nimemwambia Mama Shoo tena. Njiani pia nimegusia kwa wawili watatu.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimefunga uzi mweusi kwenye kifuniko cha tanki, fundo langu, hakuna mwingine anayelijua. Prosper alikuwa anafuta kioo. Hakuuliza.

Jumamosi, 10 Agosti

Uzi mzima. Lita kumi na sita zilezile.

Sielewi. Nimekasirika kidogo kwamba uzi haukukatika. Ni vibaya kuandika hivyo lakini ndiyo kweli.

Rajabu kafungua chujio la hewa. Vumbi, majani, na mjusi mkavu. Matairi nayo yamelegea. Kasafisha, kajaza upepo. Nikamwambia abadilishe na plagi palepale. Kakataa. Kasema tengeneza kitu kimoja, pima, ndipo uje kingine. Ukimpa mtoto dawa tano akapona utajuaje iliyomponya? Nimempenda kwa neno hilo. Lakini yeye mwenyewe kafanya mawili, nikamwambia. Kacheka.

Jumanne, 13 Agosti

Lita kumi na nne. Vifuniko kumi na nne, punje sita sita, viwili vimepata tano. Nimemwita Felista aone. Kaniambia kwenye kikokotoo ni dakika moja. Sitaki kikokotoo.

Siku ingekuwa nzuri. Lakini Mama Shoo kaniletea habari. Wazazi wa Yusta, mchumba wa Prosper, huko Kibosho wamesikia kwamba Prosper ni mwizi wa petroli. Mbege ya uchumba, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa ipelekwe Jumamosi ya tarehe 31. Wamesema isubiri. Hawampi binti yao mtu wa mkono mrefu.

Nikamuuliza wamesikia kwa nani. Kaniangalia tu.



Ijumaa, 16 Agosti

Jino. Toka Jumatano taya limevimba kama papai, sisemi, sili, nanyonya uji. Jana sikukuu ya Bikira Maria nimesali kwa macho tu. Prosper kaenda Kibosho peke yake juzi na leo. Uzi mzima. Namba zilezile, themanini na mbili.

Lita kumi.

Nimegawa mara tatu, sikuamini. Nane nane, zinabaki mbili. Rajabu alisema nane.

Wazo la kwanza: ameogopa, ameacha kuiba. Nimelala na hilo wazo mchana na sikulipenda. Uzi haujakatika hata siku moja. Mwizi gani haibi hata kabla hajaogopa?

Jumatatu, 19 Agosti

Taya limeshuka. Nimerudi kwenye gari Jumamosi na leo. Sikumtoa Prosper machoni, hata alipokwenda kujisaidia nilisimama nikiangalia tanki. Lita kumi na nne.

Kwa hiyo haibi. Nimeandika. Haibi.

Basi kuna nini kwenye gari nikiwepo ambacho hakipo nisipokuwepo? Nimefikiria mpaka ubwabwa umeungua. Mimi. Mimi ndiye ninayekuwepo. Na mimi si mwepesi.

Jumatano, 21 Agosti

Jana alfajiri nimepanda kwenye mizani ya kupimia magunia ya kahawa. Kilo tisini na mbili. Wanaume waliokuwa pale nimewaambia wageuke. Nikajaza gunia la mahindi kilo hizohizo, nikalikalisha kiti cha mbele, nikalifunga khanga lisianguke. Prosper kaniuliza kama alisalimie. Nikamwambia lipe shikamoo. Ndiyo mara ya kwanza mwezi huu nimemsikia akitania.

Jana na leo kaenda na gunia. Lita kumi na nusu. Nusu tu. Nimefurahi kwamba si unene, halafu nimeogopa. Sasa kimebaki nini?

Alhamisi, 22 Agosti

Nimeenda mwenyewe, mfukoni nimeweka punje. Kila gari likisimama, moja inahamia mfuko wa pili. Sikutaka kujidanganya.

Kumi na moja. Kwenda tu. Kwa mama wa kanisani. Kwa yule aliyefiwa. Kwa yule ambaye mwanae amerudi kutoka Arusha na tumbo. Kwa Mama Yusta nimesimama mbele ya geti, sikuweza kushuka, ameniona, amegeuka.

Jioni nikampelekea Rajabu punje zangu. Akauliza jambo moja tu. Mkisimama mnazima? Nikamwambia tuzime na betri ipi? Kule ni mlima, pua iko juu, njia nyembamba, nani atasukuma? Gari linabaki linanguruma, madereva wanaita sailensa. Prosper akiwa peke yake anapanda moja kwa moja, juu anageuza pua chini, anazima, anapakia, akiondoka linawaka kwa mteremko.

Rajabu kasema gari likinguruma linakunywa, hata likisimama.

Mimi nilijua linakula likitembea. Likisimama limepumzika, kama punda. Hivyo ndivyo nilivyojua miaka yote.

Petroli nimeila mimi. Nimesimama kwenye mageti ya watu nikisema Prosper anaiba petroli, na petroli inaungua palepale, na Prosper ameshika usukani ananisubiri. Mngurumo ndio uliomzuia asisikie. Au labda alisikia.

Jumamosi, 24 Agosti

Baba Felista karudi. Nimemwambia yote. Hakucheka. Kasema, "Mama Felista, umepima vizuri sana. Sasa kamalizie."

Nimekata jani la isale, la kuombea msamaha, pale kwenye mpaka wa kihamba cha mama mkwe, shamba lake la migomba. Nimempelekea Prosper kwa mikono miwili. Mimi, mama yake mdogo, kwa kijana niliyemwogesha alipokuwa mdogo hivi. Ukiletewa isale hukatai, hata ungekuwa umechomewa nyumba, lakini nilitamani akatae kidogo, ingekuwa haki.

Kalipokea. Halafu: "Ule uzi niliuona siku ileile, mama mdogo. Nikawa nafuta gari kwa kuogopa nisije nikaukata."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba kusimama ndiko kunakomaliza mafuta. Alijua, dereva hawezi kukosa kujua.

"Wewe ni mama. Nitakuambiaje unyamaze?"



Jumapili, 25 Agosti

Baada ya misa, Kibosho, kwa miguu kutoka barabarani. Isale jingine mkononi, daftari kwapani, punje na vifuniko kwenye kitambaa. Mama Yusta hakunikaribisha kiti. Nimekaa kwenye kigoda mwenyewe.

Nimegawa punje mbele yake. Kumi na sita, kumi na nne, kumi. Nikamwonyesha siku za jino. Mume wake katoka ndani, kasimama mlangoni, kauliza kwa nini siku za jino ziko vizuri hivyo. Nikamwambia kwa sababu nilikuwa siwezi kusema. Kakohoa, akaingia ndani. Nikamsikia anacheka huko.

Mama Yusta hakucheka. Kasema maneno niliyoyaleta kwa gari nimeyarudisha kwa miguu, ni afadhali, lakini mageti mengine kumi nayo yanasubiri. Kachukua isale. Kalichomeka juu ya mlango.

Kasema mbege ije tarehe ileile.

Jumatano, 28 Agosti

Nimemaliza mageti sita. Kwa miguu. Miguu imevimba, imechukua zamu ya taya. Kusema mtu mwizi kunachukua dakika moja. Kusema siye kunachukua nusu saa na bado wanakutazama. Mama Shoo nimemaliza naye sokoni. Kasema yeye alijua toka mwanzo. Nimemwacha.

Jumapili, 1 Septemba

Jana mbege imepelekwa. Mapipa mawili nyuma ya pikapu, wazee wamekaa pembeni wakiyashika. Nimekaa mbele. Kupanda hatukusimama popote. Watu wamenipungia mkono, nami nimepunga, basi.

Kushuka jioni nimemwomba Prosper asimame kwa yule aliyefiwa, geti la mwisho nililokuwa nalo. Kaelekeza pua chini, kazima.

Kumbe pale panapita mfereji. Miaka saba nasimama pale sijawahi kusikia maji.

Nimesema nilichotakiwa kusema. Mama yule kasema sawa, kanipa parachichi mbili. Nimerudi kwenye gari. Kabla sijapanda nimezunguka upande wa tanki, nimefungua fundo langu. Uzi nimeuweka humu katikati ya kurasa.

Prosper kaachia breki. Tumeteremka kidogo bila mlio, halafu likawaka.