Uso Namba Saba

Kwako mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Pokea salamu zangu nyingi, na umfikishie Mama zake kabla hujasoma zaidi, maana najua ameshakuuliza nimesema nini. Natumai nyote hamjambo na kile kikohozi kimekuachia. Mimi ni mzima, ila nimechoka. Nikikaa mgongo unalalamika, nikisimama magoti yanaitikia, na macho ndiyo usiseme.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni nini, kwa kuwa majirani wakikuhoji unawajibu tu kwamba niko kwenye kompyuta. Waambie dada yako anatengeneza nyuso. Kampuni yetu inaunda michezo ya video, ile ya mashujaa wanaozunguka na panga wakiua mazimwi. Kabla ya kuanza, mchezaji anaamua shujaa wake aweje. Anapewa nyuso ishirini za kuchagua, kisha anasogeza vijistari kwenye skrini, pua ipanuke, kidevu kichongoke, nywele ziwe bluu, na akipenda anaongeza makovu na pembe. Hizo nyuso ishirini ni zangu. Kutwa nachonga pua. Zikiniishia naiba za watu ninaowajua. Yako nimempa muuza dawa mmoja wa mchezoni mwenye hila, na usinune, imempendeza.

Uso namba saba ni wa Baba. Nilipokuja likizo mwaka juzi nilichukua ile picha yake ya kitambulisho ambayo Mama alikuwa ameifungia sandukuni, ndiyo pekee tuliyokuwa nayo, nikailaza chini ya kioo cha meza yangu ya kazi na kumchonga kwa wiki tatu. Sijawahi kuifurahia kazi kama wiki zile. Wewe ulikuwa bado unanyonya alipotutoka, kwa hiyo hujui kwamba ufundi saa ulimwachia alama. Kwa kubana lenzi miaka nenda miaka rudi, jicho lake moja lilikuwa dogo kuliko mwenzake, na chini yake palijaa mikunjo. Hata akicheka, jicho lile lilibaki limechoka.

Msimamizi wangu alisema uso ni mzuri, ila macho yalingane na mikunjo itoke, kwa sababu hakuna anayetaka kuanza safari na shujaa aliyechoka. Sikubishana. Nikasawazisha, nikahifadhi juu ya ile kazi ya kwanza, ikafutika.

Mwezi uliofuata chai ilimwagika mezani ikapenya chini ya kioo. Nilipogundua, picha ilikuwa imegandia. Niliibandua taratibu kadiri nilivyoweza, lakini karatasi ilitoka nyeupe, uso ukabaki kwenye kioo vipande vipande. Sikumwambia mtu.

Ndipo ukaniandikia kwamba Mama anataka picha irudi, ikuzwe, itundikwe sebuleni. Nilikujibu kwamba kuna studio imeisafisha. Mdogo wangu, nilikudanganya. Aliyeko ukutani kwenu ni namba saba. Nilimvua deraya, nikamvika shati jeupe, nikamchapa kwenye karatasi nzuri na kumtia kwenye fremu. Wewe umekuwa ukimsalimia kila asubuhi, na kosa si lako, hukuwa na wa kumlinganisha naye.

Barua yako ya mwisho inasema Mama aliisogeza ile fremu mpaka ikakaribia kugusa pua, kwa sababu ya mtoto wa jicho, akasema afadhali, hapa baba yenu amepumzika. Uliandika kama habari njema. Nililia pale pale ofisini, wenzangu wakadhani ni macho tu yameniuma.

Sasa unaniambia anafanyiwa operesheni Alhamisi na Ijumaa anafunguliwa bandeji. Ataona vizuri. Sitaki akutane na mgeni ukutani kwake bila kuonywa, kwa hiyo nakuomba umwambie kabla hajafunguliwa. Akinikasirikia mwache anikasirikie, ana haki. Na wewe pia unayo.

Lakini akishatulia, nakuomba umuulize jambo moja. Lile jicho dogo lilikuwa la kulia au la kushoto? Wiki nzima nimekaa na uso ule nikijaribu kumrudisha, mara la kulia, mara la kushoto, na kila upande naona ni yeye. Mimi niliyemchonga wiki tatu nimesahau. Nikifumba macho ananijia yule wa mchezoni, amenyooka, hana mkunjo hata mmoja.

Akishindwa kusema, mwombe akuoneshe kwa kidole kwenye uso wako. Kisha uandike siku hiyo hiyo, usiliache kichwani tu.

Nisalimie wote wanaoniulizia, na Mama umshike mkono kwa niaba yangu wakati wanamfungua. Nangoja jibu lako.

Ni mimi dada yako,
Mchonga pua